Fundi Aliyeniamini

Jina lake ninalijua, na la baba yake pia, lakini sitaliandika. Nimeshalitaja vibaya mbele za watu mara moja, na mara hiyo moja ilitosha kumharibia kazi. Humu nitamwita Fundi, kama alivyoitwa na kila mtu pale Bigwa, hata na mafundi wenzake. Ninaandika habari zake kwa sababu nina aibu. Nimejaribu kukaa nayo kimya miaka minne, imenishinda.

Gereji yake ilikuwa banda la mabati lisilo na ukuta wa mbele, kando ya barabara iendayo milimani. Hakuwa na kibao. Aliyemuulizia aliambiwa aangalie palipoanikwa maboksi, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Mwenye gari linalovuja oili hakuhudumiwa siku ya kwanza. Alirudishwa nyumbani akatandike boksi lililokunjuliwa chini ya injini, aandike neno "mbele" upande wa taa, alale, asubuhi alete boksi. Gari lingekuja baadaye. Watu wazima wenye vyeo vyao walipita na maboksi kwapani kama wauza mayai, na hakuna aliyeona ajabu.

Fundi alilipokea boksi kwa mikono miwili, akalitoa juani, akayanusa matone, akayagusa kwa kidole kidogo cha mwisho. Mara nyingi kazi iliishia hapo. "Hii ya gia boksi, siyo ya injini," angesema. Au, "Haya maji tu ya kiyoyozi, mama, nenda kapike." Nimemwona akiwarudisha watu watatu kwa asubuhi moja bila kushika spana, na wote wakiondoka wanacheka. Fundi mwingine angewafungulia injini.

Kama tone lilikuwa la injini kweli, alianza kuosha. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, akaifuta, akaiacha ikauke hadi ikawa safi kuliko vyombo vya nyumbani kwangu. Kisha alichukua unga wa muhogo, akaufunga kwenye kitambaa chepesi na kuipigapiga injini nzima hadi ikawa nyeupe. Gari likatembezwa kilomita kadhaa, likarudi, boneti ikafunguliwa. Penye unga mkavu hapana tatizo. Mahali pa kwanza unga ulipolowa, huko juu kabisa, ndipo mafuta yalipoanzia safari. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba wao wanaona tone mahali lilipochoka, yeye anatafuta lilipoamkia.

Safari hizo za majaribio zilikuwa kichekesho, kwa sababu mtu huyu aliyetumia maisha yake chini ya magari hakuweza kupanda gari bila kichefuchefu. Kona mbili tu na uso ulimbadilika. Alikaa mbele na limau lililokatwa ameligandamiza puani, macho ameyafumba, akisikiliza injini. Kwao ni Kinole, huko juu kwenye mananasi na pilipili manga, na barabara ya huko ni kona juu ya kona. Nilimuuliza siku moja anafikaje kwao. "Nafika nimekufa nusu, Mwalimu," akasema. "Mama anajua, ananitandikia mkeka kabla sijasalimia."

Mikono aliinawa kwa sukari na mafuta ya kula, akisema sabuni inaondoa uchafu na ngozi pamoja. Kabla hajanawa hakumpa mtu kiganja. Alitoa kifundo cha mkono, nawe ukakishika hapo. Alifika mapema kuliko wote pale barabarani na hakufanya kazi kuanzia adhuhuri mpaka amalize sala yake, hata mteja awe na haraka gani. Baiskeli yake haikuwa na breki. Alisimamisha kwa kandambili, miaka yote niliyomjua, na ukimtania alijibu kwamba baiskeli haijamlalamikia.

Swali lake la kwanza kwa kila gari lilikuwa lilelile: "Nani kaligusa kabla yangu?" Aliliuliza kwa upole, na mteja akisitasita aliongeza, "Sikuulizi nikucheke. Nakuuliza nisije nikafungua pasipohusika." Nayasikia maneno hayo mpaka leo, maana aliniambia na mimi, nami nikamjibu uongo.

Lakini kwanza niseme udhaifu wake, kwa sababu ndio nilioutumia. Fundi alikuwa mtu wa mashaka. Nati aliyoikaza jana kwa mkono wake mwenyewe, leo aliigusa tena. Hakuamini vipuri vipya mpaka avipime, hakuamini maandishi kwenye galoni la oili. Ila mwalimu alimwamini kwa kila neno. Yeye aliishia darasa la nne, baba yake akamtaka shambani, na kwa hilo alibaki na heshima kwa walimu ambayo sisi wenyewe hatunayo. Nilipoingia bandani alisimama. Alinipa kigoda chake. Alinipa nimsomee ujumbe wa simu yake, barua za kijiji, hata karatasi iliyofungiwa karanga, na nilichosema kimeandikwa kikawa kweli. Mimi nilikipenda kigoda kile. Shuleni ninafundisha fizikia kwa watoto wanaopiga miayo, na pale Bigwa kulikuwa na mzee aliyenisikiliza.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la zamani. Kila injini ina mpira wa kutolea pumzi, ili moshi na joto la ndani visijazane, na huu wangu, aliyekuwa na gari hilo kabla yangu aliuchomoa mahali pake akauacha unaning'inia. Moshi wake uliingia ndani ya gari. Mwenyewe nilikwisha kuuzoea. Siku moja nikawa nampeleka mama mkwe wangu Kinole anakoishi, amekaa nyuma, amejifunika pua kwa kanga. Hakusema kitu. Mwenye kumjua mkwe anaelewa kwamba afadhali angesema. Tulipofika kwenye wachoma mahindi, ndipo aliponiuliza taratibu, "Baba, hili gari haliungui?"

Nikasimama, nikafungua boneti, nikauona ule mpira unafuka. Chini palikuwa na magunzi tele. Nikachagua moja, nikalichonga kwa kisu cha mchoma mahindi, nikalishindilia ndani ya mpira kwa mpini wa bisibisi mpaka likapotea. Huku kwetu gunzi ndiyo kizibo cha kila kitu: chupa ya mafuta ya taa, dumu la asali, dumu la togwa. Moshi ukakoma palepale. Mama mkwe akashusha kanga yake, akasema, "Kumbe mkwe wangu fundi." Nilifika Kinole nimevimba kichwa.

Ninafundisha presha ya gesi katika chombo kilichozibwa. Nimeichora ubaoni kila mwaka tangu niajiriwe.

Kama wiki mbili baadaye sakafu ya uani kwangu ikawa na matone. Nikatandika boksi, nikaandika "mbele", nikampelekea Fundi. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Matone yalikuwa ya injini, tena yametapakaa. Pembeni, kwenye benchi, alikuwa amekaa makamu mkuu wa shule yetu akisubiri gari lake, mtu mwenye ulimi wa kutosha ofisi nzima ya walimu.

"Nani kaligusa kabla yangu, Mwalimu?"

"Hakuna, Fundi."

"Sikuulizi nikucheke."

"Najua. Hakuna aliyeligusa."

Akaosha, akakausha, akapiga unga, akashika limau lake, tukaenda na kurudi. Alipofungua boneti, unga ulikuwa umelowa juu kwenye kifuniko cha injini, mbele kwenye puli, na nyuma kunakokutana na gia boksi. Mahali patatu kwa mpigo. Akasimama na mikono kiunoni. "Hii haivuji," akasema. "Hii inasukumwa. Imebanwa pumzi." Akainama, akaushika mpira ule, akaufuta mdomo wake kwa shati. Alikuwa anataka kuupuliza. "Huu uko wazi, Mwalimu?"

Ilikuwa imebaki pumzi moja tu. Angepuliza, asingepata njia, angechomoa gunzi mbele ya makamu, na kesho yake ningekuwa hadithi ya chai. Mwalimu wa fizikia kaziba injini na gunzi. Nikasema, "Uko wazi. Niliupuliza mwenyewe juzi."

Akauachia mpira. "Basi, kama Mwalimu kapuliza, hapo pamekwisha," akasema, akahamia kwingine.

Nilijipa moyo kwamba jioni nitalitoa gunzi kimyakimya. Jioni nilihangaika na waya wa hanga hadi vidole vikachubuka. Lilikuwa limevimba kwa oili na halikutikisika. Asubuhi nikampelekea gari vilevile. Bado ningeweza kusema. Benchi lilikuwa tupu, tulikuwa wawili tu. Lakini uongo wa jana ulikuwa umeshakaa katikati yetu, na kila saa iliyopita ilizidi kunifunga mdomo. Akafungua injini. Alibadilisha sili ya mbele na ya nyuma, akabadilisha gasketi, siku nne amelala chali chini ya gari, mtu wa umri ule. Nami nilipita mchana na soda baridi, nikajiona mwema.

Gari lilikaa siku mbili bila tone, ya tatu likavuja. Akaniita mwenyewe nilirudishe, akafungua tena, bila kunidai kitu. Likavuja tena. Safari hiyo hakunipa kigoda kwa sababu alikuwa amekikalia yeye. "Nimeshindwa kuona, Mwalimu," aliniambia. "Sijawahi kushindwa kuona. Nipe muda." Ofisini makamu aliponiuliza habari za gari nikasema mzee kachoka, macho yameanza kumtupa. Nilisema kwa sauti ya kumhurumia.

Mwezi huohuo mimi na makamu tukasafiri kwenda Dodoma kwa semina, kwa gari langu, likivuja vilevile. Tulipokaribia Dumila taa ya oili ikawaka. Tukajikokota hadi pale njia panda, tukampata fundi wa barabarani, kijana mchangamfu mwenye pampu ya upepo. Hakuosha wala hakupiga unga. Aliuchomoa mpira, akaweka upepo upande mmoja, gunzi likaruka likatua kwenye matenga ya nyanya. Wauza nyanya wakaangua kicheko. Kijana akaliokota, akalinyanyua juu.

"Mzee, nani kakufanyia hivi?"

Makamu akanigeukia. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikamtaja Fundi, jina lake na la baba yake, na Bigwa nikaitaja.

Makamu alilipiga gunzi picha juu ya boneti, akaituma kwenye kundi la simu la walimu akiwa bado amesimama pale. Chini yake aliandika "Teknolojia ya Bigwa". Semina haijaisha, picha ikawa imeshatoka kwa walimu ikaenda kwa wazazi, madereva, na watu nisiowajua. Niliporudi nilionyeshwa na muuza duka wangu, kama jambo jipya la kunichekesha. Nikacheka.

Fundi hakuja kuniuliza. Hilo ndilo lililoniumiza, nilikuwa nimeshatayarisha uongo mwingine. Mimi nikaanza kuzunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya banda lake. Nilikuwa nikisikia tu: gari za shule hazipelekwi tena pale, maboksi yamepungua, siku hizi mzee anakaa tu. Halafu nikasikia mabati yameng'olewa.

Mwaka huu, likizo ya mwezi wa sita, nilikuwa Kinole kwa mama mkwe. Amezeeka, hatoki sana. Tulikuwa tunakunywa chai yenye mdalasini aliponiambia, "Yule fundi wako wa mjini yupo huko bondeni, kahamia kwake moja kwa moja. Siyo vizuri ukae siku mbili hujaenda kumwona." Nikasema nitakwenda kesho. Akasema nenda leo. Mkwe akisema nenda leo, unainuka.

Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake anageuza pilipili manga kwenye mkeka. Amekonda. Aliponiona alisimama, kwa shida, akamwita mkewe alete kigoda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaninyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja. Mikono yake ilikuwa safi kabisa. Mkewe alileta kigoda, tukasalimiana, akarudi jikoni.

"Gari linapumua?" akaniuliza.

"Linapumua, Fundi."

"Alhamdulillahi." Akageuza pilipili kidogo. "Nilisikia habari za lile gunzi. Walinionyesha na picha. Nikakaa nikafikiri sana, Mwalimu. Sikumbuki kuliweka. Hata sasa sikumbuki. Lakini wakaniambia amesema Mwalimu mwenyewe. Nikasema basi, kama ni Mwalimu, niliweka nikasahau. Akili imeanza kuniacha." Alikuwa ananieleza kwa utulivu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. "Nikaogopa. Mtu aliyesahau gunzi kwenye pumzi leo, kesho atasahau nati za gurudumu, watu wafe. Nikafunga. Nakushukuru ulisema. Wengine wangenionea haya, wakaniacha nikaua watu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa nimejiandaa hata kwa kutotambuliwa. Shukrani sikuitegemea. Nikatazama chini kwenye pilipili zile, na nikasema kwa sauti ndogo hadi nikalazimika kurudia.

"Gunzi niliweka mimi, Fundi."

Mkono wake ulisimama juu ya mkeka.

"Lini?"

"Kabla sijaleta gari kwako. Nilikuwa nampandisha mama mkwe huku."

"Kabla ya unga?"

"Kabla ya boksi."

"Na kule kupuliza?"

"Sikupuliza. Nilikudanganya kwa sababu makamu alikuwa pale. Na Dumila nikakutaja wewe, kwa sababu alikuwa pale tena."

Hakunitukana. Ningependa kuandika kwamba alinitukana. Aligeukia jikoni, akaita, "Bibi. Hebu njoo."

Mkewe akatoka na mwiko mkononi. "Mwalimu," Fundi akasema, "mwambie na yeye." Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Nilipomaliza Fundi akasema, "Ile ya kwamba mimi sikusahau. Mwambie hiyo tena." Nikarudia kwamba hakusahau kitu, hakukuwa na kitu cha kusahau.

Yule mama alimtazama mumewe, halafu akaanza kusema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia. Tangu waliporudi huku mzee hataki kuwasha jiko, anasema ataliacha likiwaka. Hataki kutumwa dukani. Hata akisali, lazima yeye mkewe akae nyuma yake amhesabie rakaa, kwa sababu anasema hajiamini kama ni ya pili au ya tatu. Miaka minne, kila sala, hata yule mama mwenyewe alipougua homa alitambaa hadi mlangoni akahesabu.

Nilisema nisameheni, na neno lilikuwa dogo mno hata mimi nikaliona hivyo. Fundi akaitikia, "Tumekusamehe, Mwalimu," haraka, kama alivyoitikia kila nilichowahi kumwambia.

Alasiri ikaadhiniwa kutoka msikiti wa chini. Fundi akainuka, akatawadha kwa birika, akautandika mswala uani. Mkewe akaweka mwiko chini, akaenda kukaa nyuma yake kama alivyozoea. Fundi akageuka. "Leo pumzika, Bibi," akamwambia. "Umesikia mwenyewe. Nitahesabu."

Mama yule alibaki palepale alipokaa, lakini akageuza uso upande wa migomba. Mimi ni Mkristo; nilikaa kwenye kigoda na mikono magotini, nikimtazama akiinama na kuinuka polepole. Katikati alisimama wima muda mrefu, midomo haichezi, nikaona mkewe amekaza vidole kwenye kanga. Kisha akarukuu, akaendelea. Alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, akabaki amekaa na viganja mapajani.

"Bibi," akauliza bila kugeuka, "zilikuwa nne?"

Mkewe alinitazama mimi kwanza. "Nne, baba," akamwambia. "Zilikuwa nne."